Kwa Mkapa Mchezaji ni Jezi, Hapa ni Mtu

Shemeji yangu ni Simba tangu enzi za Shamba la Bibi, na mdomo wake haujui kupumzika. Kwa hiyo nilipomwona amekaa kimya dakika tano nzima, viganja juu ya magoti, akiwatazama wachezaji wakipasha misuli, nilijua kuna kitu kimemwingia. Tulikuwa St. Louis, jimbo la Missouri, kwenye uwanja wa timu ya St. Louis CITY. Dada yangu na familia yake wanaishi mji huo, mimi nilikuwa mgeni wao wa wikiendi. Mwishowe akanigeukia.

"Shem," akasema, "kwa Mkapa mchezaji ni jezi. Hapa mchezaji ni mtu."

Nikaiandika kwenye simu palepale. Mimi ni msanifu majengo, na mkate wangu unatoka kwenye majukwaa ya michezo: mpangilio wa safu, mwinuko wa ngazi, upana wa njia za kutokea. Wenzangu wanaochora mapaa hupigwa picha na magazeti. Jukwaa likichorwa vizuri hakuna anayelitaja; watu husimulia walichokiona wakiwa wamekaa pale, basi. Ndiyo maana huwa nasikiliza sana mashabiki wanavyosimulia. Na maneno mengi niliyoyasikia St. Louis, nikiyafuata nyuma nyuma, yananifikisha kwenye namba ambayo mtu aliichagua mezani miaka kadhaa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa.

Tuanze na kuingia. Tulishuka treni ya MetroLink kituo cha Union Station, jirani na stesheni kongwe ya reli iliyofunguliwa mwaka 1894, ile yenye mnara wa saa. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Mpwa wangu ana miaka 9, na alikuwa ametangulia mbele yetu akitafuta uwanja.

"Mamdogo, uko wapi?"

Ulikuwa mbele yake, ng'ambo ya barabara. Nikamwonyesha.

"Mbona mfupi?"

Swali lake lina maana. Uwanja unaoingiza watu zaidi ya 22,000 mtu anautegemea uwe mlima wa zege. Huu, ukiutazama kutoka Market Street, ni paa jembamba jeupe limekaa juu ya kuta za vioo, na urefu wake hauitishi ile stesheni ya jirani. Sababu ni kwamba nusu ya jengo hauioni: umechimbwa. Nyasi ziko kama futi 40 chini ya usawa wa barabara, yaani mita 12, sawa na kuizika nyumba ya ghorofa tatu na bado ukabaki na nafasi. Ukivuka lango hupandi ngazi yoyote. Unatembea sawia hatua chache, ukumbi unafunguka, na uwanja mzima uko chini ya miguu yako. Mpwa wangu alisimama ghafla hapo hata mtu wa nyuma akamkanyaga kisigino.

Katika fani yetu hapo mahali tunapapigania sana. Kwenye viwanja vingi shabiki huanza kwa kupanda ngazi za giza, apite chini ya zege na mabomba, ndipo achomoze. Nao una utamu wake ule mchomozo, sikatai. Lakini mtu wa kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, hao hawachomozi popote. Hao husubiri lifti. Uwanja ukizamishwa, ukumbi wa kuzungukia unakuwa usawa wa barabara, na wote wanaingia kwa lango moja na kuona kitu kilekile kwa mara ya kwanza kwa pamoja.

Kuna faida ya pili ambayo shabiki haioni ila mji unaiona. Kila uwanja una mgongo: upande wa malori ya bia, mapipa ya taka, basi la wageni, jenereta. Mgongo huo ndio unaoua mtaa, maana hakuna mtu anayetaka kufungua mgahawa akitazamana na ukuta wa mapipa. Ukichimba, mambo hayo yote yanashuka chini pamoja na nyasi, na pande zote nne za juu zinaweza kutazama barabara kwa heshima.

Bei yake? Kuhamisha udongo kwa maelfu ya malori, kujenga kuta nene za kuzuia ardhi isirudi, na kuhakikisha mvua yote inayoangukia shimoni ina mahali pa kwenda, maana maji hayapandi yenyewe. Wasanifu hapa walikuwa HOK, kampuni iliyozaliwa St. Louis penyewe, wakishirikiana na Snow Kreilich wa Minneapolis, na gharama ya mradi ilivuka dola milioni 450. Walikuwa na bahati moja: sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa njia za kupandia na kushukia barabara kuu, mabaki ya mpango wa zamani ambao haukukamilishwa, yenye mabonde na matuta ambayo hayakuwa na kazi kwa mtu yeyote.

Sasa turudi kwa shemeji na jezi yake.

Neno nililolisikia kuliko yote siku ile, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ni "karibu". Upo karibu. Klabu inasema hakuna kiti kilicho zaidi ya futi 120 kutoka uwanjani, yaani mita 36 na nusu hivi. Namba hiyo peke yake haimwambii mtu kitu, kwa hiyo nifanye hesabu moja ya nyumbani.

Uwanja wa riadha wa mita 400 una pande mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila moja, na nusu duara mbili zenye nusukipenyo cha mita 36.5. Pima urefu wake wa ndani kutoka pinda hadi pinda: mita 157 na ushee. Weka katikati yake uwanja wa soka wa mita 105. Zinabaki mita 52, kwa hiyo nyuma ya kila goli kuna mita 26 za utupu kabla hujaufikia mstari wa kwanza wa wakimbiaji. Ongeza njia 8 za kukimbilia, kila moja mita 1.22, unapata karibu mita 10 nyingine. Jumla mita 36.

Maana yake ni hii: kwenye uwanja wenye njia ya riadha, shabiki wa safu ya kwanza kabisa nyuma ya goli, yule aliyewahi saa nne asubuhi, yuko mbali na mstari wa goli sawa na shabiki wa safu ya mwisho kabisa St. Louis alivyo mbali na nyasi. Na bado hapo sijahesabu uzio, mabango na wapiga picha.

Nilipomweleza shemeji alinitazama kama niliyemtukania timu. "Kwa hiyo mzunguko wote ule miaka yote..." Akaacha hapo.

Nimtendee haki Mkapa. Ni uwanja wa watu 60,000, ulifunguliwa 2007 kwa kazi za taifa zima: riadha, sherehe, mpira. Huwezi kuwabana watu 60,000 ndani ya mita 36 hata ungefanya nini. Ukubwa wenyewe unasukuma watu nyuma na juu. Anayetaka kuonja ukaribu hapa nyumbani aende Chamazi, uwanja wa Azam, ambao hauna njia ya riadha: mdogo, wa kawaida, na ukikaa safu za mbele unasikia beki akimlaumu mwenzake. Ndicho alichokisikia shemeji St. Louis. Kipa aliwafokea mabeki wake na sisi tukasikia sauti, si mwangwi wa sauti.

Lakini ukaribu haupatikani kwa kusogeza viti mbele tu, na hapa ndipo wengi wanaochora viwanja vidogo huumia.

Mchukue shabiki yeyote aliyeketi. Chora mstari kutoka jichoni mwake hadi mstari wa pembeni wa uwanja, ule wa upande wake. Mstari huo unapita juu ya mtu aliyekaa safu ya mbele yake. Sisi tunapima unapita juu kiasi gani kutoka kwenye jicho la yule wa mbele, na kipimo hicho tunakiita kwa herufi tu, C. Kutoka jicho hadi utosi wa mtu ni kama sentimita 12. C ikiwa 12, unaona kila kitu hata wa mbele akikaa wima. Ikiwa 9, unaona vizuri kwa kuinamisha kichwa mara mojamoja. Ikiwa 6, umekaa nyuma ya masikio ya mtu na mtageuka maadui kabla ya mapumziko.

Sasa tuweke namba. Shabiki wa mbele yuko mita 10 kutoka mstari wa pembeni, jicho lake mita 3 juu ya nyasi. Safu zina kina cha sentimita 80 na kila ngazi inapanda sentimita 35. Piga hesabu: C ni sentimita 10. Safi. Basi mwenye uwanja anakuja na wazo zuri, anasema tusogeze jukwaa hilohilo mita 4 mbele, watu wawe karibu zaidi. Unalisogeza bila kubadili ngazi. C inakuwa hasi, sentimita 4 chini ya sifuri. Ule mstari wa macho sasa unapita puani mwa jirani. Mpira ukifika mstari wa pembeni, watu wa nyuma wote wanasimama. Na wakisimama hao, wanasimama wote hadi juu. Ili uirudishe C iwe 9 pale pale mita 6, kila ngazi lazima ipande sentimita 50 badala ya 35.

Kwa maneno mengine ukaribu unalipiwa kwa mwinuko. Majukwaa ya St. Louis yako wima kuliko ulivyozoea, na ndiyo maana. Dada yangu aliposhuka kwenda kiti chake alishika reli kwa mikono miwili akisema, "Wamejenga paa la nyumba wakaweka viti." Hakukosea sana. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja, ambao wengi wetu duniani huufuata, unaweka ukomo wa nyuzi 34 kwa majukwaa ya kukaa; ukipita hapo watu hupata kizunguzungu, na anayeteleza hasimami. Kazi nzima ya jukwaa ni kulisogelea hilo ukomo pale unapohitaji na kukaa mbali nalo pale usipohitaji, ndiyo sababu jukwaa zuri ukiliangalia ubavuni halijanyooka kama ngazi ya dukani. Linajikunja taratibu, chini laini, juu kali.

Kelele ni habari nyingine.

Nyuma yetu alikaa kijana wa Uvira, mashariki ya Kongo, aliyefika St. Louis na wazazi wake wakiwa wakimbizi. Alitusikia tukibishana, akainama katikati ya vichwa vyetu. "Yaya, muko watu wa wapi?" Ikawa kama tumepata ndugu. Yeye hununua tiketi kila anapopata pesa, na alituambia huwa hapendi kuja na mtu anayetaka mazungumzo. "Kelele ya hapa inaingia mu mifupa."

Inaingia kweli. Mambo matatu yanafanya kazi. Kwanza, paa linazunguka pande zote nne, na liko chini. Sauti ya watu kwenye uwanja wa wazi hupanda na kupotea mawinguni. Ikikutana na paa hurudi, sehemu yake kwa nyasi na sehemu yake kwa waliokaa ng'ambo. Pili, shimo. Kuta za ardhi zimezunguka, upepo wa barabarani hauzoi kitu, na kelele za magari haziingii kuchanganyika.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sijawahi kumsikia shabiki akilitaja. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mashabiki wa kuimba St. Louis, wakiongozwa na kundi kongwe la St. Louligans, hukusanyika jukwaa la kaskazini, watu kama 3,000 wanaosimama dakika zote 90. Ngoma inapigwa huko. Mtu aliye jukwaa la kusini yuko kama mita 120 kutoka kwenye ngoma, kwa hiyo anaisikia baada ya theluthi moja ya sekunde. Anapiga makofi kwa alichosikia; makofi yake yanachukua theluthi nyingine kurudi kaskazini. Tayari wimbo umeanza kuyumba, ila masikio bado yanavumilia. Sasa peleka ngoma hiyo kwenye uwanja wenye njia ya riadha. Kutoka jukwaa la nyuma ya goli moja hadi la goli la pili, kwa hesabu yetu ya mwanzo, si chini ya mita 177. Hiyo ni zaidi ya nusu sekunde, na makofi ya kushangilia kwa kawaida hupigwa mawili kwa sekunde. Ng'ambo wanapiga pigo zima nyuma. Ndipo unaposikia kwa Mkapa upande mmoja unaimba na upande wa pili nao unaimba, wimbo ni uleule, lakini haukutani. Watu husema mashabiki wetu hawajajipanga. Wamejipanga sana, umbali ndio unaowachonganisha.

Hao wa kaskazini wanasimama kwa ruhusa na kwa reli. Kila safu ina reli imara kiunoni, ili bao likifungwa na watu wakarukaruka, wa nyuma wasimwangukie wa mbele. Uingereza, baada ya watu 97 kufa kwa msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, ilipiga marufuku kusimama kwenye viwanja vya ligi mbili za juu, ikaja kuruhusu tena kwa leseni mwaka 2022, kwa reli za namna hiihii. Nasema hili kwa sababu kila nikichora jukwaa la nyumbani kuna mtu huniambia kusimama ni uhuni, tuweke viti. Watu watasimama. Mchoraji anachochagua ni kama watasimama na reli au bila reli.

Chakula nitakipitia haraka, ingawa nusu ya sifa nilizosikia zilikuwa za chakula. Wameweka wapishi wa mji wenyewe badala ya kampuni moja ya soseji. St. Louis ina jamii kubwa ya Wabosnia waliokimbia vita vya miaka ya 1990, na foleni ya mkate wao wa nyama ilikuwa ndefu kuliko ya bia. Jambo moja la kuonya: uwanja haupokei noti, kadi au simu tu. Mimi siafiki. Mstari unakwenda kasi, kweli, lakini kila kizuizi cha namna hiyo kinachuja watu, na wanaochujwa siku zote ni walewale.

Sasa, nisije nikawadanganya kwamba zege ndiyo iliyofanya yote. Mapenzi ya watu kwa uwanja ule yana historia ya mji ndani yake. St. Louis ni mji wa soka kabla Wamarekani wengi hawajajua soka ni nini. Marekani ilipoifunga England 1–0 kule Belo Horizonte kwenye Kombe la Dunia la 1950, wachezaji watano uwanjani walikuwa watoto wa St. Louis. Chuo Kikuu cha Saint Louis kilichukua ubingwa wa vyuo mara 10, kuanzia 1959. Halafu timu ya ligi kuu haikuja. Mwaka 2016 Rams, timu yao ya mpira wa Kimarekani, ikafunga virago kurudi Los Angeles na kuwaachia jumba tupu katikati ya mji. Mwaka uliofuata wananchi wakapiga kura kama kodi yao ichangie uwanja wa soka, wakakataa. Unawaelewa. Ndipo ukoo wa Taylor, wenye kampuni ya kukodisha magari ya Enterprise, ukaja na mpango wa kutumia zaidi fedha binafsi, ukiongozwa na Carolyn Kindle, na ligi ikaukubali mji Agosti 2019. Walikuwa waanze 2022, korona ikasogeza hadi 2023.

Milango ilifunguliwa 16 Novemba 2022, usiku wa baridi kali, kwa mechi ya kirafiki na Bayer Leverkusen ya Ujerumani. Vijana wa timu ya pili ya CITY walifungwa 3–0 na hakuna aliyejali. Mechi ya kwanza ya ligi nyumbani ilikuwa 4 Machi 2023 dhidi ya Charlotte: 3–1. Timu ngeni kwenye ligi ikashinda mechi zake tano za kwanza mfululizo, ikamaliza kileleni mwa kanda ya magharibi. Hapo niseme kama fundi: ukishinda mechi tano, kila kiti kina C ya sentimita 12. Mwezi Oktoba Sporting Kansas City, majirani na mahasimu, wakaja na kuwapiga 4–1 hapohapo nyumbani kwenye hatua ya mtoano, na bila shaka usiku ule kuna waliogundua kwamba ngazi ni kali na maegesho ni ghali.

Jina nalo limebadilika. Ulizaliwa CITYPARK, tangu 2025 unaitwa Energizer Park, kwa kampuni ya betri ya mji huo. Kijana wa Uvira anauita "ku stade" tu.

Kona ya kusini-magharibi, nje, kuna kitu ambacho wengi hupita wakikimbilia lango. Ni nguzo za mawe zilizochongwa kwa umbo la saa ya mchanga, pana juu na chini, nyembamba kiunoni. Msanii ni Damon Davis, na zilizinduliwa Februari 2023. Pale uwanja ulipo palikuwa sehemu ya Mill Creek Valley, mtaa wa watu weusi wenye makanisa yao, maduka na shule. Kuanzia 1959 mji uliubomoa kwa jina la maendeleo, na watu wapatao 20,000 wakaondolewa. Ardhi ilikaa tupu muda mrefu hata wenyeji wakaibandika jina Hiroshima Flats, yaani tambarare ya Hiroshima. Zile njia za barabara kuu nilizozitaja mwanzo, zile nilizosema ni bahati ya wasanifu, zimetokana na uharibifu huohuo. Nililiandika neno "bahati" kwenye daftari langu kabla sijaziona nguzo, na nimeliacha hapo juu kama lilivyo.

Mzee mmoja mweusi alikuwa amesimama pale na jezi ya CITY mwilini, kiganja kwenye jiwe, akimwonyesha mjukuu kitu kilichochongwa. Sikuwakaribia. Nilitamani nimuulize anauonaje uwanja, na nikaona si swali la kumuuliza mtu aliyegusa jiwe namna ile.

Mtaa wenyewe umeamka? Siku ya mechi, ndiyo, ungesema Kariakoo kabla ya Idi. Lakini ligi inawapa mechi 17 za nyumbani kwa msimu. Hata ukiongeza za kombe na matamasha, siku nyingi za mwaka uwanja umefungwa, na mwenye mgahawa analipa kodi ya pango siku zote 365. Klabu ilifanya jambo la maana kuweka viwanja vya mazoezi na ofisi zake hapohapo kando, kwa hiyo Jumanne ya kawaida kuna wafanyakazi wanaotafuta chakula cha mchana. Ni bora kuliko uwanja uliotupwa nje ya mji ukizungukwa na bahari ya lami. Kwamba uwanja peke yake unafufua katikati ya jiji, hiyo sijaiona popote, na nimechora vya kutosha.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa watu hawakuondoka haraka. Sisi tulikuwa safu za chini, karibu na nyasi, viti ambavyo shemeji alikuwa amevitafuta wiki mbili. Mpwa wangu alikwisharuka ngazi mbili mbili hadi juu na alikuwa anatupungia mkono. Kwa Mkapa, ukimaliza mpira, unateremka. Mwili umechoka lakini mvutano wa dunia uko upande wako. Uwanja uliozamishwa hugeuza mambo. Ile mita 12 uliyopewa bure wakati wa kuingia, unailipa wakati wa kutoka, ngazi baada ya ngazi, kwa mwinuko uleule ulioufurahia ulipokuwa umekaa. Lifti zipo, lakini shemeji ni mwanaume wa Mbagala, hapandi lifti mbele ya shemeji yake.

Alisimama mara mbili kupumua. Mara ya pili alishika reli, akageuka kuangalia nyasi zilizobaki chini zikimulikwa na taa, kisha akaniangalia mimi na simu yangu.

"Shem, umeandika yote?"

"Karibu yote."

"Andika na haya magoti."